Makala yalizimika mara tatu kando ya ziwa Kivu, njia ya Goma–Bukavu. Ni mazuku (ile gesi ya ardhini inayoua) au ni nini?

#1 Kijana wa Himbi
Salamu wandugu. Swali hili nimekaa nalo tangu Agosti 2021, na leo nalileta kwa sababu najua humu kuna madereva, walimu na watu wa afya.

Tulikuwa tunatoka Goma kwenda Katana kwa barabara: mimi, Mama, dada yangu na binti yake wa miaka sita. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22 Mei, na Mama alitaka kumshukuru shangazi yake aliyetupokea tulipokimbia. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Tumepita Mugunga, hatujafika Sake, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akabaki anahangaika na jeki, sisi tukateremka ziwani. Pale chini ya mawe meusi kuna kaufukwe ka mchanga mweusi, si kakubwa, kama uwanja wa nyumba moja.

Mama ni mtu wa chai. Mbabula yake, jiko lake la makala, ilikuwa garini pamoja na nusu gunia la makala. Upepo wa ziwani ulimsumbua, akaiweka mbabula nyuma ya mwamba mmoja mkubwa, mahali palipobonyea kama bakuli. Makala yakashika, yakawa mekundu kabisa, nimeyaona kwa macho yangu. Sufuria haijaanza hata kuimba, yakafunikwa na majivu na kufa, kimya, kama mtu aliyeyatupia blanketi. Akawasha tena, akapepea kwa kifuniko. Yakafa. Mara ya tatu dada akaleta vigunzi na mafuta ya taa kidogo. Moto ukapanda, ukalala, ukazima. Basi tukaihamishia mbabula juu, kwenye mchanga, hatua kumi tu. Hapo ikawaka mpaka tukanywa chai.

Kinachonisumbua hasa ni mtoto. Muda wote ule alikaa juu ya kijiwe pembeni ya lile shimo, anaota moto. Akaanza kulalamika kichwa, macho yakawa mazito, anataka kulala. Nikambeba hadi garini. Tulipofika Sake alikuwa anadai mandazi.

Na jambo la pili: maji ya ukingoni yalikuwa vuguvugu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na viputo vidogo vilikuwa vinapanda kutoka chini kwa mstari mmoja kama shanga.

Ilikuwa nini? Nauliza kwa sababu watu wengi wanasimama pale kunawa na kupumzika.

#2 Dereva wa Kituku
Mazuku hiyo. Usitafute mbali. Mi niko naendesha hii njia tangu 2009. Kuanzia Bulengo, Lac Vert, mpaka Mubambiro kuna mashimo ambayo asubuhi unakuta kuku amelala kama amechoka, kumbe amekufa. Mbuzi njo wengi, sababu anateremka kufuata majani mabichi. Ile hewa inakaa chini, jua likipanda na upepo ukija inatawanyika. Ninyi mlifika mbele ya jua. Umshukuru Mungu mtoto alikalia jiwe, hakukalia chini.

#3 Muuza Makala
Mimi nauza makala Majengo, yanatoka Masisi. Kabla ya kusema mazuku, tuulizane: makala yalilala wapi usiku ule? Makala yaliyopata umande yanakudanganya. Yanashika juu, yanakuwa mekundu ukingoni, halafu unyevu wa ndani unatoka na kuyaua. Na mbabula ukiiweka ndani ya shimo, ule mlango wa chini wa kuingizia hewa unazibwa na mawe. Ukiitoa nje inapumua, inawaka. Hakuna haja ya volkano hapo.

Kijana, yalikuwa yanatoa moshi? Yalipiga mlio wa kupasuka-pasuka? Hayo ndiyo maswali.

#4 Mwalimu Kadutu
Asante kwa mada. Nafundisha jiografia Bukavu, niongeze kidogo.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, ndiyo maana inatafuta bonde kama maji yanavyotafuta bonde. Haina rangi, na kwa pua huwezi kuitegemea. Eneo lote la Goma hadi Sake limekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na ile iliyofika ziwani upande wa Sake mwaka 1938 bado inaonekana nyeusi. Kwa hiyo maelezo ya Dereva yana msingi. Lakini na Muuza Makala naye asipuuzwe, kwa sababu moto unaozimika peke yake hautoshi kuwa ushahidi.

#5 Mzee wa Mugunga
Mwalimu, nakurekebisha kwa heshima. Lava ya 1938 iliyoingia ziwani karibu na Sake haikutoka Nyiragongo. Ilitoka Nyamulagira, volkano jirani, ikaendelea hadi 1940, na karibu ifunge kabisa ghuba ya Kabuno. Baba yangu alikuwa kijana wakati ule, alitueleza namna watu walivyoenda kutazama maji yakichemka. Nyiragongo ndiyo ile ya 1977, ya 2002 na ya 2021.

Kuhusu mahali penyewe. Mwaka 1994 wakimbizi walipojaa Mugunga, walikuwepo walioweka hema mabondeni bila kuuliza wenyeji, na hawakuamka. Sisi wa hapa tulilelewa na sheria mbili: usilale penye bonde, na ukimwona mtoto wa mwenzako anacheza shimoni asubuhi, mtoe kwanza, salamu baadaye. Bibi yangu hakujua kaboni. Alisema pale pana mwenyewe, na mwenyewe hapendi moto. Wengine wataona ni hadithi, lakini hadithi hiyo ndiyo iliyotuweka hai.

#6 Muuguzi wa Kalehe
Kuna jambo hamjaligusa. Makala yanayowaka nusu-nusu, mahali palipojificha upepo, yanatoa kaboni monoksidi. Hiyo ni tofauti na gesi ya mazuku. Inatoka kwenye mbabula yenyewe. Dalili zake za mwanzo ni hizohizo: kichwa kuuma, kulegea, usingizi. Kila msimu wa baridi tunapokea familia zilizolala na mbabula ndani.

Sasa angalieni: mtoto wa miaka sita, ameinamia mbabula iliyowashwa mara tatu na kufa mara tatu. Kama mimi ndiye ningempokea, swali langu la kwanza lisingekuwa volkano. Na ongeza kwamba ameamshwa usiku, hajala, na amepanda gari kwenye barabara ile. Nani asingeumwa kichwa?

#7 Kijana wa Himbi
Asanteni. Najibu kwa mpangilio.

@Muuza Makala: moshi haukuwepo, labda ule wa mafuta ya taa mara ya tatu. Mlio sikuusikia. Gunia lilikuwa ndani ya gari usiku kucha.

@Muuguzi: dada, hilo la mbabula sikuwahi kulifikiria, na limenishtua. Lakini mbona Mama, aliyeinama na kupepea, hakupata kitu?

@Mzee: ahsante kwa marekebisho.

#8 Mwana-Rungwe
Nawasalimu kutoka Tukuyu, Tanzania. Nilifungua uzi nikidhani ni makala ya gazeti iliyozimwa mara tatu, nikasema huyu mwandishi ana bahati mbaya. Kumbe ni mkaa!

Huku kwetu Rungwe, upande wa mlima Kyejo, gesi hiyohiyo inatoka ardhini na inavunwa, inajazwa kwenye mitungi ya viwandani, ndiyo ile iliyomo kwenye soda mnazokunywa. Nasi wazee wetu wanaonya kuhusu vibonde vyenye ndege waliokufa. Kwa hiyo mimi nipo na Dereva. Swali langu: hizo chemchemi za moto na gesi yote hiyo, kwa nini msizalishe umeme kama Wakenya wanavyofanya Olkaria tangu 1981?

#9 Fundi Umeme Birere
@Mwana-Rungwe karibu. Usichanganye vitu viwili. Olkaria ni mvuke wa ardhini. Huku Kivu kinachotoa umeme ni methani inayovutwa kutoka chini ya ziwa, na mitambo iko upande wa Rwanda, kama ule wa Karongi, megawati 26. Ziwa ni moja, gesi ni ya wote wawili, lakini kwetu bado tunatazama taa za ng'ambo usiku. Inauma.

#10 Binti wa Nguba
Nirudi kwenye maji ya vuguvugu, maana kila mtu amekimbilia mbabula.

Mimi naogelea Kivu tangu utotoni. Maji ya juu ya ziwa hili hukaa kwenye nyuzi 23 au 24 karibu mwaka mzima. Asubuhi ya kiangazi, Agosti, hewa ya Goma inaweza kushuka hadi 15. Ukitoka garini umekunjamana kwa baridi ukatia mguu majini, lazima uone vuguvugu. Rudi palepale saa saba mchana, maji yaleyale utayaita ya baridi. Hakuna chemchemi hapo, kuna mguu baridi tu.

#11 Dereva wa Kituku
@Binti wa Nguba na viputo navyo ni mguu baridi?

#12 Binti wa Nguba
Viputo sijasema kitu, kaka Dereva. Penye majani yaliyooza chini ya mchanga, viputo hutoka. Ukikanyaga vinaongezeka. Kijana, mlikanyaga?

#13 Kijana wa Himbi
Mtoto alikuwa amekanyaga-kanyaga kabla ya chai, ndiyo. Lakini viputo vilikuwa mbele zaidi, kama mita mbili kutoka alipofika, na havikukoma kwa muda wote tuliokuwepo. Mchanga ulikuwa safi, mweusi, unang'aa. Majani sikuyaona.

#14 Mwalimu Kadutu
Nimepokea marekebisho ya Mzee #5, ni kweli, Nyamulagira. Nilikosea na wanafunzi wangu nitawaambia Jumatatu.

Kuhusu #10: hoja ya nyuzi 23 ni nzuri sana, lakini haifuti chemchemi. Ziwa Kivu lina tabia ya pekee: chini kabisa, karibu mita 485, maji ni ya joto kuliko yale ya katikati, na yana chumvi na gesi zaidi. Sababu mojawapo ni chemchemi zinazoingia chini ya maji, hasa upande wa kaskazini, yaani upande huohuo wa Goma na Sake. Kwa hiyo chemchemi ndogo ukingoni isingenishangaza. Ambacho hatuna ni kipimajoto. Mguu wa mtu si kipimajoto, hapo namuunga mkono binti.

#15 Mama Minova
Mnabishana vizuri, mimi nasema habari ya njia, kwa wanaotaka kuisafiri.

Baada ya Sake barabara inashika ukingo wa ziwa: Kirotshe, Shasha, Bweremana, kisha Minova. Hapa kwetu mchanga si mweusi sana tena, na mtoto anaweza kucheza majini, ziwa letu halina mamba. Nunueni sambaza (dagaa wetu) za asubuhi, zile zilizokaangwa papo hapo, msingoje za jioni. Ukipita Nyabibwe unaanza kuona kisiwa cha Idjwi kimelala katikati ya maji, hakikuachi mpaka karibu Katana. Na hapo Katana ndipo kuna maji ya moto ya kweli, Kankule. Yai unalitia kwenye kitambaa, unalizamisha, unalila. Hakuna wa kubishana na Kankule.

Lakini mkipita Bushushu na Nyamukubi, mpunguze mwendo. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilishusha mlima juu ya watu. Zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawajaonekana mpaka leo. Mawe makubwa yale mnayoyaona karibu na barabara hayakuwepo. Kijana, wewe ulipita 2021, uliliona soko likiwa zima. Mimi nilikuwa na mteja wangu wa maharagwe pale, mama mmoja mkarimu, kila Alhamisi ananiongezea kikombe kimoja juu ya kipimo. Simu yake haijaita tena.

#16 Kijana wa Himbi
Pole sana mama. Nalikumbuka soko. Tulinunua ndizi pale, na muuzaji alimpa mtoto moja bure kwa sababu alikuwa amemkazia macho.

#17 Ndugu Ibanda
Pole mama Minova.

Nauliza jamani: kama gesi inatoka mpaka ufukweni, si dalili kwamba ziwa lote linakaribia kupasuka kama ziwa Nyos? Kule Cameroun watu kama 1,700 walikufa usiku mmoja, 21 Agosti 1986. Mimi tangu nisome habari hiyo silali vizuri nikiwa Goma.

#18 Mwalimu Kadutu
Ndugu, woga wako una sababu lakini usichanganye. Nyos ni kiziwa kidogo, na gesi yake ilipanda kutoka chini kwa mkupuo. Kivu ni kubwa na tabaka zake zimekaa imara: 2002 lava ya Nyiragongo ilikatiza mji wa Goma ikaingia ziwani, na gesi ya chini haikupanda. Panapowasumbua zaidi wataalamu ni palepale ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, kwa sababu maji yaliyojaa gesi yanaanzia karibu mita 12 tu, wakati kwenye ziwa kubwa yako chini sana. Lakini mazuku ya nchi kavu ni jambo jingine, inatoka kwenye nyufa za ardhi. Mbuzi akifa Bulengo haimaanishi ziwa limechafuka.

#19 Dereva wa Kituku
Mi nawapa njia rahisi. Ukifika mahali hupajui, washa kiberiti, kiteremshe chini. Kikizima, ondoka. Kikiwaka, kaa, kunywa chai yako.

#20 Muuguzi wa Kalehe
Hapana Dereva, tafadhali, hilo msilifuate. Hewa yenye asilimia 3 ya gesi ya mazuku inakufanya uheme haraka na kichwa kigonge. Ikifika asilimia 10 unapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Kiberiti kinaweza kuwa bado kinawaka wakati wewe umeshaanza kulegea. Na unayeinama kukiteremsha ndiye unayepeleka pua shimoni! Kiberiti kikizima ni kweli uondoke, lakini kikiwaka si ruhusa ya kukaa.

Na hili linanirudisha kwa Kijana. Kama hewa ya lile shimo ilikuwa na gesi ya kuzima makala mekundu, basi aliyeingiza kichwa mle angeanguka, si kuumwa kichwa tu. Ndiyo maana bado nashikilia mbabula.

#21 Mzee wa Mugunga
Muuguzi, wewe hujaona namna inavyokaa. Haipandi kidogo kidogo kama moshi. Inajaa kama maji kwenye beseni, ina uso wake. Mguu wako uko ndani, kiuno kiko nje, na hujui. Mbwa anakufa, mwenye mbwa amesimama palepale anamwita. Mbabula inakaa chini. Mtoto kwenye kijiwe kichwa chake kiko juu, anavuta kidogo tu, ile ya ukingoni inayopepewa. Mama akipepea anaitibua, inatawanyika, inarudi. Mimi naona yote yanaingiana.

#22 Muuguzi wa Kalehe
Mzee, hilo la uso kama wa maji nakubali linaweza kueleza. Nakubali pia kwamba monoksidi haizimi moto, kwa hiyo maelezo yangu yanagusa kichwa cha mtoto, hayagusi makala. Labda ni vitu viwili kwa pamoja.

#23 Muuza Makala
Na makala mabichi ndiyo kitu cha kwanza kati ya hivyo viwili!

#24 Mwana-Rungwe
Huyu ndugu wa mkaa hakati tamaa. Nampenda.

#25 Mama Minova
Anatetea biashara yake, makala ya Masisi yasisemwe vibaya. Ila kaka, hapo umejipiga mwenyewe: ukisema yalikuwa mabichi, nani aliwauzia?

#26 Muuza Makala
Si mimi, mama! Mimi nafunika gunia langu na hema mbili.

#27 Ndugu Ibanda
Tukiwa bado hapa: kuna mtu anajua njia ikoje sasa? Nilikuwa na nia ya kupeleka familia Kankule, lakini wengine wananiambia nipande meli, wengine tangu ajali ya boti ya Oktoba 2024 pale karibu na bandari ya Kituku hawataki kusikia habari ya maji.

#28 Dereva wa Kituku
Njia uliza asubuhi ileile unayotoka, kwa dereva aliyefika jana usiku. Habari ya wiki iliyopita haikusaidii. Na usisimame kati ya Mugunga na Sake mbele ya saa tatu. Ukipata pancha kama Kijana, bakini ku barabara, juu, penye upepo. Chai itangoja.

#29 Kijana wa Himbi
Wandugu, jana jioni nilimsomea Mama uzi wote, mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza sana kwenye ujumbe wa Mama Minova, akaomba nikupe pole yake.

Kisha akasema mambo mawili. La kwanza: makala hayakuwa na maji. Yaleyale ya nusu gunia ndiyo aliyowasha Katana kwa shangazi jioni ile, yakashika kwa karatasi moja tu. La pili, ambalo hakuwahi kuniambia miaka yote hii: alipokuwa anapepea mara ya pili, pumzi ilimpanda, kama mtu aliyepanda mlima, na kwenye ulimi akahisi uchachu, kama wa soda. Akadhani ni uzee.

#30 Muuguzi wa Kalehe
Uchachu wa soda. Hilo ungelisema kwenye #1, Kijana. Gesi ya mazuku ikiwa nyingi huleta uchachu puani na mdomoni, na pumzi kupanda ndiyo dalili yake. Hata hivyo kupepea mbabula umeinama ukiwa hujala nako kunapandisha pumzi. Umri wake?

#31 Muuza Makala
Makala yaliyokaa garini juani kutoka Sake hadi Katana yamekauka njiani. Jioni lazima yashike.

#32 Kijana wa Himbi
@Muuguzi: 61 wakati ule.
@Muuza Makala: gunia lilikuwa chini ya kiti.

#33 Mwalimu Kadutu
Kijana, muulize Mama kitu kimoja tu, ndicho kitakachotusaidia zaidi: lile bakuli la mwamba lilikuwa na kina gani? Kama mbabula nzima ilizama chini ya ukingo, Mzee ana haki. Kama ilichungulia juu, tunarudi kwa Muuguzi na kwa makala.

#34 Kijana wa Himbi
Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa jikoni anachambua maharagwe. Amesimama, ameweka mkono usawa wa goti. Halafu akaupandisha mpaka kiunoni. Halafu ameurudisha gotini, na anamwita dada aje aseme naye.

#35 Dereva wa Kituku
Na dada anasemaje?

#36 Kijana wa Himbi
Kiunoni.